Mafiga Chini ya Msikiti

Kisauni, 9 Februari 1987

Kwa mpwa wangu Mwanatumu,

Kwa niaba ya ukoo mzima, na kwa idhini ya wazee wote waliohudhuria (nilikuwa peke yangu), natangaza rasmi kwamba jana Jumapili, saa nne na robo asubuhi, mbuzi wa bibi yako aliingia katika shimo la Chuo Kikuu, lile mlilochimba Desemba. Alikaa humo dakika kumi, akatazama kila upande kama mkaguzi, akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Hakuchukua kitu. Alichokiacha nimekizoa.

Sasa salamu. U hali gani huko kwenye baridi ya Nairobi? Sisi huku tu wazima, ila goti langu, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu mvua. Bibi yako, Bi Nana, akusalimu sana na auliza kama wala chakula.

Habari yenyewe ni nzito. Ile kampuni iliyonunua shamba imeleta barua. Ardhi yote ya mji wetu wa kale, Mkunguni, pamoja na gofu la msikiti na makaburi yetu, itasawazishwa zijengwe nyumba za kupangisha. Na tangu leo hakuna ruhusa ya kuzika. Nilikwenda ofisi ya mambo ya kale. Bwana mmoja mpole akaniambia, "Mzee, kama mji wenu ni wa kale hivyo msemavyo, leteni ushahidi kabla ya mwaka wa themanini na tisa kwisha, tutaulinda." Nikamwambia ushahidi upo, kila mtoto wa hapa ajua kwamba mji ulijengwa na Sultani Shee aliyetoka Shirazi na ndugu zake sita. Akasema hiyo ni hadithi, yeye ataka kitu cha kushika mkononi.

Nilipomweleza Bi Nana akasema, "Mimi nimezaa mara mbili. Mmoja ni wewe. Mwengine yuko pale." Akaonyesha kwa kidevu kaburi la mama yako, marehemu Tima. "Nafasi ya ubavuni pake ni yangu. Mwaka wa kumi na tatu huu naitunza. Mwambie Mwanatumu afanye upesi."

Basi fanya upesi. Mimi ni karani wa tali mstaafu. Miaka thelathini nimehesabu magunia Kilindini, lakini udongo sijui kuusoma. Wewe ndiwe uliyesomeshwa.

Mjomba wako,
Mohdhar

*

Nairobi, 2 Machi 1987

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Goti halijambo? Mwambie Bibi nakula, ila wali wa huku haujui nazi ni nini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimekumbuka siku tuliyomzika Mama, nilivyoshika kanzu yako. Sitaki pale pasawazishwe. Kwa hivyo nisikilize vizuri.

Mji ukikaa mahali pamoja hujilundika. Watu hutupa taka, hujenga juu ya taka, hubomoa, hujenga tena. Kilicho chini ndicho kilichotangulia. Desemba tulipita sakafu ya chokaa ya msikiti, tukapita sakafu ya udongo, na chini kabisa tukakuta mashimo ya nguzo za nyumba za fito. Hapo pana mafiga matatu, Mjomba, yamekaa kama kwamba mpishi ameinuka sasa hivi kwenda kuteka maji. Kati yake mna majivu, mkaa, miba ya samaki na vigae vya vyungu. Hakuna kaure ya China, wala kitu chochote kutoka ng'ambo. Vitu vya ng'ambo viko juu, vilikuja baadaye sana.

Ule mkaa ndio ushahidi wetu. Mti ukishakatwa huanza kupoteza kitu fulani kilichomo ndani yake, polepole, kwa mwendo unaojulikana. Iko mashine Ulaya inayopima kilichobaki na kusema mti ulikatwa lini. Nimeuacha mkaa pale pale chini ya magunia, kwa sababu profesa ataka kuuona kwa macho yake Agosti.

Nakuomba kitu kimoja tu. Nikirudi niyakute mafiga kama nilivyoyaacha, kisipungue kitu.

Mpwa wako,
Mwanatumu

*

Kisauni, 10 Juni 1987

Kwa mpwa wangu,

Id ilikuwa njema, nasi twatumai yako pia. Afya zetu ni zile zile. Bi Nana alifunga mwezi mzima ingawa daktari alimkataza. Asema daktari ni mtoto wa juzi.

Barua yako nimeisoma barazani, nikajuta. Mwidani, shemeji yangu, alisubiri nifike kwenye vyungu akauliza, "Kwa hivyo Sultani wenu alikuwa akijipikia?"

"Alikuwa na wapishi," nikamjibu.

"Na hao wapishi ni kina nani?"

Randu alikuwa amekaa chini akichonga mpini wa jembe. Wamkumbuka Randu, yule Mgiriama aliyewachimbia Desemba. Hakuinua kichwa. "Wapishi walikuwa hapa kabla yake, Mwinyi. Ndiyo sababu alipofika alikuta chakula."

Walicheka hata mwadhini. Kesho yake Randu akaleta chungu cha nyanya yake kutoka kwao Ziwa la Ng'ombe, akakiweka mbele yangu. Shingoni kina mstari wa pembe tatu ndogo ndogo, zimekwaruzwa kwa ukingo wa kombe la baharini. Nikachukua kile kigae ulichonipa Desemba nikavilinganisha. Mwanatumu, wallahi, ni kama mkono mmoja.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na si kwa sababu ya goti. Miaka sitini nimekuwa mjukuu wa Shirazi. Huyo Shirazi hakunipa chochote, lakini nilimzoea. Hebu chimba zaidi kidogo, labda yuko chini ya mafiga.

Ziara ya makaburi ya mwezi wa Shaaban ilikwenda salama, wageni walikuja hata kutoka Likoni. Mafiga yako ni kamili, hakikupungua kitu. Nimehakikisha mwenyewe kwa kamba.

Mjomba wako,
Mohdhar

*

Nairobi, 14 Septemba 1987

Mjomba,

Shikamoo, na ahsante kwa wiki tatu za Agosti. Nimefika salama na achari yote, isipokuwa chupa moja iliyovunjikia kwenye gari la moshi na kunitafutia marafiki.

Profesa hajamaliza kulisifu shimo lile. Asema katika maisha yake hajaona vigae vilivyolala kwa utaratibu namna ile, vikubwa chini, vidogo juu. Mkaa tumeutoa wote kwa kijiko, tumeufunga, umekwenda. Mwezi ujao nami naondoka kwenda Sweden kwa masomo, na majibu yatanikuta huko.

Mwambie Bibi asihofu. Ofisi imekubali: mkaa ukisema mji ni wa zaidi ya miaka mia saba, ardhi haiguswi.

Mpwa wako,
Mwanatumu

*

Sweden, 20 Machi 1988

Mjomba,

Shikamoo. Natumai nyote mu wazima. Mimi ni mzima wa mwili.

Majibu yametoka. Mkaa wa Mkunguni ni wa mti uliokatwa kati ya mwaka wa 1975 na leo.

Nilidhani wamechanganya vifuko. Wamepima tena. Ni ule ule.

Profesa hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Alifungua picha za Desemba na picha za Agosti akaziweka pamoja mezani, akatoka nje akaniacha nazo. Nami nimeona. Agosti udongo kati ya mafiga ulikuwa umelegea, na mimi niliuona siku ile ile, nikajiambia ni mvua. Sikutaka kuona. Hilo ni kosa langu na nimeliandika.

Lakini nataka kujua. Ni nani aliyeingia shimoni, Mjomba? Niambie kweli, hata kama ni mtu ninayempenda.

Mwanatumu

*

Kisauni, 3 Julai 1988

Kwa Mwanatumu,

Salamu. Mimi sijambo. Barua yako imekaa mfukoni mwa kanzu yangu wiki kumi na moja, na kila kanzu ikifuliwa imehamia nyengine.

Ni mimi.

Wajua kwamba kila Shaaban, kabla ya ziara, wanawake hufagia gofu na makaburi. Mwaka jana wageni walikuwa wengi. Bi Nana akaja na wenzake na mafagio, akafunua magunia, akaona majivu. Nilikuwa nimesimama pale. Akaniambia, "Mohdhar, wataka watu waje kumwombea Sultani, wakute jiko halikuzolewa?" Nikamwambia Mwanatumu amekataza. Akasema, "Mwanatumu amesema kisipungue. Hakusema kisifagiliwe." Wakazoa kwa nyungo mbili. Majivu na mkaa wakavimwaga baharini, vigae wakavirundika chini ya mnazi. Tena wakaweka chetezo juu ya mafiga, wakafukiza udi. Wakasema pale pamekaa kama pametengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi ndiye niliyepepea.

Jioni yake nikaja nikatazama. Nikaliona pengo, na ndani ya kichwa changu nikasikia neno lako: kisipungue kitu.

Sasa nikueleze kazi ya tali. Gunia likipasuka melini, karani mzuri hapigi kelele. Huita vijana, huzoa kilichomwagika, kilichopotea hukijazia kutoka gunia jengine la mchele ule ule, gunia likashonwa, hesabu ikatimia. Miaka thelathini sikupeleka hesabu pungufu hata siku moja. Nilipewa saa nilipostaafu kwa sababu hiyo.

Basi nikaenda jikoni. Seredani ya mke wangu, lile jiko lake la makaa, ilikuwa na mkaa na majivu ya mchana. Nikachota, nikajaza, nikapima kwa kamba mpaka kwenye msumari wako wa alama. Vigae nikavirudisha, vikubwa chini. Profesa wako alipovisifu mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona fahari. Ndiyo hali halisi. Nilifikiri mwahesabu mkaa. Sikujua kwamba mwahesabu miaka.

Bi Nana sijamwambia. Auliza kila Ijumaa kama mashine ya Ulaya imesema. Namwambia ni mashine ya polepole.

Nisamehe, au kama huwezi, niandikie unigombeze, usinyamaze tu.

Mjomba wako,
Mohdhar

*

Sweden, 11 Septemba 1988

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimekugombeza moyoni miezi miwili, imetosha. Goti likoje?

Nimezitazama ramani zote upya. Sakafu ile ya kwanza haikuishia shimoni. Yaelekea mashariki, chini ya makaburi. Makaburi yote yameshaikata, ila sehemu moja ambapo jembe halijapita: kipande cha upana wa dhiraa mbili, karibu na ukuta. Mwaka wa sabini na nne, kaburi la Mama lilipochimbwa, niliona mstari mweusi ubavuni mwa shimo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sikujua ninachokiona. Sasa najua. Ni majivu.

Wajua kipande hicho ni cha nani.

Mimi siwezi kumwandikia Bibi jambo hili. Nilijaribu. Mwambie wewe, na ukimwambia, mwambie yote. Asiposema ndiyo, basi tena, nami sitauliza mara ya pili.

Mpwa wako,
Mwanatumu

*

Kisauni, 25 Novemba 1988

Kwa mpwa wangu,

Tu wazima, alhamdulillahi. Nimesema yote.

Nilimkuta akichambua mchele. Nilianza na seredani, maana nilitaka nigombezwe kwanza ndipo niombe. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Kwa hivyo mimi ndiye niliyemfagia mtu yule."

"Mtu gani, Mama?"

"Aliyepika." Akatupa kijiwe nje. "Mwanamke aliacha jiko lake, likakaa salama miaka yote hiyo, nikaja mimi na fagio. Na wewe ukamwekea mkaa wa seredani! Hayati baba yako alisema hufai kuachiwa hata duka."

Nikaona hapo ndipo pa kusemea. Nikamweleza habari ya kipande kile. Nikasema nimeshamuuliza mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, naye asema pasipo na maiti si kaburi, mwenye nafasi akiridhia hapana ubaya.

Akasema, "Mimi bado sijahamia. Na achimbe. Lakini achimbe yeye mwenyewe, avue viatu, na ubavu wa Tima asiuguse. Na akimaliza anirudishie mchanga wangu."

Halafu akaniuliza, "Huyo aliyepika, walikuwa wakimwitaje?" Nikamwambia hilo mashine haisemi. Akasema, "Basi mashine yenyewe si kitu."

Randu asema atazoa yeye mchanga, na mwaka huu kila aingiaye na fagio atapita juu ya maiti yake kwanza.

Mjomba wako,
Mohdhar

*

Sweden, 30 Agosti 1989

Mjomba! Bibi! Randu!

Shikamooni nyote. Nilitaka kutuma telegramu, lakini maneno hayatoshi mle.

Mkaa nilioutoa Februari nilipokuja, ubavuni mwa Mama, umepimwa mara tatu na maabara mbili. Ni wa mwaka wa 870, miaka hamsini mbele au nyuma. Msikiti wa mawe ulikuja zaidi ya miaka mia nne baadaye. Kabla ya jiwe la kwanza kuchongwa, watu walikuwa hapo katika nyumba za udongo na fito, wakivua, wakifua chuma, wakifinyanga vyungu vyenye pembe tatu shingoni. Vyungu vya mwanzo na vya mwisho ni vya ukoo mmoja, hakuna mahali uzi ulipokatika. Mji haukuletwa na mtu, Mjomba. Ulianzia hapo hapo. Wageni walikuja kwa sababu ulikuwapo.

Shirazi wako simnyang'anyi. Huenda alikuja, akaoa. Lakini alikuta jiko limeshawashwa.

Ripoti imeshafika ofisini, miezi minne kabla ya tarehe yao. Nilivyokuwa mle shimoni bila viatu, Bibi alikaa juu kwenye kiti siku zote tisa, hakusema nami neno. Siku ya mwisho aliniambia, "Umefanana na mama yako ukiinama." Ndilo ninalolifikiria huku, kuliko tarehe.

Mpwa wako,
Mwanatumu

*

Sweden, 16 Machi 1991

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Mungu atupe subira. Telegramu yako ilifika Jumatatu: BI NANA AMEFARIKI ALHAMISI AMEZIKWA ALASIRI. Niliisoma nimesimama mlangoni na viatu vya theluji miguuni, nikakaa chini navyo.

Usihuzunike kwamba sikuwapo. Najifariji kwa jambo moja. Tangu Serikali ilipotangaza kwamba Mkunguni ni mahali pa kulindwa, kila nikiamka nasema: hata nikichelewa, pake papo. Miaka kumi na saba alipangoja. Nilimrudishia mchanga wake kwa mikono yangu, na hapana kampuni itakayomwondoa.

Namalizia ramani kubwa ya mji kwa ajili ya kitabu. Makaburi yote nayaonyesha, na la Mama limo. Nataka Bibi awemo pia. Niandikie kamili: kutoka ukutani ni hatua ngapi, na kichwa kimeanzia wapi kikilinganishwa na cha Mama. Wewe ndiwe wa vipimo.

Mpwa wako,
Mwanatumu

*

Kisauni, 5 Mei 1991

Kwa mpwa wangu Mwanatumu,

Salamu. Sisi tu wazima, na pole tumezipokea. Bi Nana hakuugua sana. Alikunywa chai, akasema haina sukari, akalala.

Barua hii nimeianza mara tatu.

Asubuhi ile niliwaambia Randu na Mwidani watwae majembe. Tulifika mpaka pale. Mimi ndiye mlinzi wa Mkunguni sasa, nina kofia na barua ya kazi, na barua hiyo yasema kuchimba ni marufuku bila kibali. Nikasema hii si kuchimba, ni kuzika. Nikaenda ofisini, nikamkuta yule bwana mpole. Alisikitika kweli, alitokwa na machozi. Ripoti yako ilikuwa mezani pake. Uliandika kwamba nusu ya kipande kile hukuichimba, umeiachia watakaokuja na mashine bora, na kwamba isiguswe kwa sababu yoyote. Hapana pengine sakafu ile ilipobaki, alisema. Kibali hutolewa Nairobi, huchukua wiki sita.

Nilirudi nimeazimia kuchimba vivyo hivyo. Nilishika jembe. Randu akaliwekea mkono. "Mwinyi," akasema, "ukichimba wewe leo, kesho kampuni itachimba. Wapo pale ng'ambo ya seng'enge, watutazama." Na kweli walikuwapo, watu wawili, mmoja ana kamera.

Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Mwidani ndiye aliyesema, "Kwetu nafasi ipo."

Sikulaumu, nawe usijilaumu. Mama yako hajaguswa, na mafiga yapo. Jana lilikuja darasa zima la watoto wa shule, nikawaonyesha mji ulianzia wapi.

Kwenye ramani usiandike kitu. Bi Nana amezikwa Mikindani, kwa kina Mwidani. Kutoka hapa ni kupanda matatu mbili.

Mjomba wako,
Mohdhar